Kinyama Kabla ya Hadubini: Namna Seli Zinavyohifadhiwa na Kinachopotea Zisipohifadhiwa

Mgonjwa aliyechukuliwa kinyama kwa ajili ya vipimo huwa na swali moja: majibu yatatoka lini? Lipo swali jingine ambalo huulizwa kwa nadra, nalo lina uzito zaidi: kinyama hicho kiliwekwa ndani ya nini baada ya kutoka mwilini, na kilingoja kwa muda gani kabla ya kuwekwa? Daktari wa patholojia hauoni uvimbe kama ulivyokuwa mwilini. Anaona kilichosalia baada ya kinyama kukatwa, kutiwa chupani, kusafirishwa, kuzamishwa katika nta, kukatwa vipande vyembamba kuliko karatasi na kupakwa rangi. Hatua ya kwanza ikiharibika, hakuna hatua ya baadaye inayoweza kuirekebisha. Hadubini ya bei kubwa haiwezi kuonyesha kiini cha seli kilichokwisha kuyeyuka juu ya meza ya chumba cha upasuaji.

Seli iliyokatiwa damu haifi papo hapo kama taa inavyozimika. Kwanza oksijeni hukosekana na akiba ya nishati huanza kwisha. Pampu zilizomo katika utando wa seli, ambazo kazi yake ni kuitoa sodiamu nje, husimama. Maji huingia na seli huvimba. Mitokondria nazo huvimba mapema, ingawa badiliko hilo haliwezi kuonekana kwa hadubini ya kawaida. Baadaye vifuko vidogo vyenye vimeng'enya, viitwavyo laisosomu, hupasuka na vimeng'enya hivyo huanza kuila seli iliyovitengeneza. Huku ndiko kujimeng'enya kwa tishu, na hutokea hata pale ambapo hakuna bakteria hata mmoja. Kuoza kunakoletwa na bakteria huja baadaye na kumalizia uharibifu.

Tishu hazilingani katika jambo hili. Kongosho, ambalo limejaa vimeng'enya vya kumeng'enya chakula, huharibika upesi mno. Utando wa ndani wa utumbo, kibofu cha nyongo na mirija ya figo hufuata kwa karibu. Ngozi na misuli huvumilia kwa muda mrefu zaidi. Joto nalo huharakisha kila kitu: muda ambao kinyama kingestahimili katika chumba chenye baridi si sawa na muda wake katika chumba kisicho na kiyoyozi huko Tanga au Mombasa mwezi wa Februari. Wavuvi wa pwani wanaijua kanuni hii bila kufundishwa darasani, na methali isemayo "samaki mkunje angali mbichi" ingefaa kubandikwa ukutani katika kila chumba cha upasuaji, ijapokuwa waliyoitunga walikuwa na malezi ya watoto akilini.

Jokofu lenye nyuzi joto 4 hupunguza kasi ya uharibifu lakini haliuzuii. Friza ni adui mkubwa zaidi. Maji yaliyomo ndani ya seli yanapoganda polepole hufanya chembe za barafu zenye ncha, nazo huzitoboa tando. Barafu ikiyeyuka, kilichobaki hufanana na sifongo. Maabara chache hugandisha tishu makusudi ili kutoa jibu la haraka upasuaji ungali unaendelea, lakini huigandisha kwa ghafla sana na kuikata hapo hapo. Jambo hilo halifanani kabisa na kuweka chupa karibu na barafu ya kunywea. Maji ya bomba nayo hayafai, kwa sababu hupenya ndani ya seli na kuzipasua. Maji ya chumvi ya dripu yanaweza kulowesha gozi ili kinyama kisikauke kwa dakika chache, basi; hayahifadhi chochote, na kinyama kilicholala usiku kucha ndani yake kimeachwa kijimeng'enye taratibu.

Kazi ya kuifunga seli katika hali iliyokuwa nayo ilipotoka mwilini huitwa fiksesheni. Yeyote aliyewahi kukaanga yai ameiona: ute uliokuwa majimaji na angavu huganda, huwa mweupe, wala haurudi tena ulivyokuwa. Joto limebadilisha umbo la protini. Alkoholi hufanya jambo linalokaribiana na hilo kwa kunyonya maji. Protini huganda, lakini tishu hunywea, hukakamaa, na mafuta yaliyomo huyeyuka na kutoka. Kwa karne nyingi alkoholi ndiyo iliyokuwa tegemeo la wachunguzi wa miili, na kasoro zake zilivumiliwa kwa kuwa hapakuwa na mbadala ulio rahisi.

Mbadala ulipatikana Frankfurt, Ujerumani, na ulipatikana na mtu aliyekuwa akitafuta kitu kingine. Daktari Ferdinand Blum alikuwa akiipima formaldehaidi kama dawa ya kuua vimelea. Katika kuishika mara kwa mara, aligundua kwamba ngozi ya vidole vyake imekuwa ngumu, kama ngozi iliyokaa kwenye alkoholi. Akajaribu kutumbukiza tishu za wanyama katika kimiminika kile, na mwaka 1893 akatangaza kwamba zilihifadhika vizuri bila kusinyaa kama zilivyosinyaa katika alkoholi. Zaidi ya miaka 130 imepita na vipimo vya patholojia duniani vingali vinaanzia pale alipofika.

Siri ya formaldehaidi ni ujenzi wa madaraja. Molekuli yake ndogo huingia katika tishu na kujishikiza kwenye vikundi vya amino vilivyomo katika protini, hasa kwenye laisini. Kisha sehemu hiyo ya protini huunganishwa na protini jirani kwa kiungo chenye atomi moja ya kaboni. Viungo hivyo vikiwa vingi, protini zote za seli huwa kama wavu uliofumwa. Vimeng'enya, ambavyo navyo ni protini, hufungwa humo humo na kukoma kufanya kazi. Mafuta hayafungwi, ila hubaki yamenaswa kwa muda, hadi pale maabara itakapotumia alkoholi na zailini kuiandaa tishu kuingia katika nta.

Hapa pana mkanganyiko wa majina ambao umekwisha kuharibu vinyama vingi. Formaldehaidi yenyewe ni gesi. Ikiyeyushwa katika maji hadi kushiba, kwa kiwango cha asilimia 37 hadi 40, huitwa formalini kali, na ndiyo inayouzwa katika madumu. Kiasi kimoja cha formalini hiyo kikichanganywa na viasi 9 vya maji hupatikana formalini ya asilimia 10, ambayo ndani yake mna formaldehaidi ya asilimia 4 tu. Anayedhani kwamba formalini kali itafanya kazi nzuri zaidi hukiumiza kinyama: tabaka la nje hukakamaa kwa ghafla na kubaki kama ganda, huku ndani kukiendelea kuharibika. Anayeongeza maji ili dumu lidumu mwezi mzima naye hupata kimiminika kisicho na nguvu. Vyote viwili hutokea, na mara nyingi mtu anayechanganya hakuwahi kuelezwa tofauti.

Formalini iliyochanganywa na maji matupu ina kasoro nyingine: hewa na muda huifanya izalishe asidi ya fomiki. Asidi hiyo huharibu DNA na kuzifanya rangi za viini zififie. Tena, ikikutana na himoglobini hutengeneza chembechembe za rangi ya kahawia iliyokoza, zilizotawanyika popote penye damu. Katika nchi zenye malaria jambo hili si dogo. Vimelea vya malaria navyo huacha chembechembe za kahawia katika ini, wengu na mishipa midogo ya ubongo, na kwa macho aina hizo mbili hufanana sana. Daktari anaweza kujikuta akijiuliza kama anachokiona ni ugonjwa uliomuua mtu au ni uchakavu wa dumu la formalini. Dawa yake ni rahisi: chumvi za fosfeti zinazoizuia asidi isipande. Kwa kila lita moja huchukuliwa mililita 100 za formalini kali, mililita 900 za maji yaliyokenekwa, gramu 4 za sodiamu dihaidrojeni fosfeti yenye molekuli moja ya maji, na gramu 6.5 za disodiamu haidrojeni fosfeti kavu. Mchanganyiko huo huwa na pH ya karibu 7, na gharama ya chumvi hizo ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya kumrudisha mgonjwa kwenye kisu.

Formalini hupenya upesi kiasi lakini hufunga polepole. Kanuni ya kazini ni kwamba hupenya takriban milimita 1 kwa saa ya kwanza, lakini mwendo huo hauendelei hivyo. Peter Medawar, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi nyingine, alionyesha mwaka 1941 kwamba kina kinachofikiwa na kimiminika hufuata kipeuo cha pili cha muda. Kwa lugha nyepesi, kufika kina maradufu huhitaji muda mara nne. Kinyama cha sindano chenye unene wa milimita 1 au 2 hufikiwa mapema hadi katikati, ijapokuwa nacho huhitaji angalau saa 6 ili viungo vya protini vikamilike. Titi lililoondolewa lote na kutumbukizwa zima katika ndoo ni habari tofauti kabisa. Mafuta yake huipinga formalini, na uvimbe uliolala sentimita 4 ndani hautafikiwa leo wala kesho. Kwa nje titi huonekana limehifadhiwa vizuri. Ndani uvimbe unajimeng'enya.

Uzito wa jambo hili huonekana wazi zaidi katika saratani ya matiti. Chukulia mama wa miaka 45 aliyefanyiwa upasuaji Ijumaa alasiri. Titi lake linawekwa katika ndoo yenye formalini kidogo isiyofunika hata nusu yake, linangoja gari hadi Jumatatu, na linakatwa maabara siku ya Jumanne. Kwa rangi za kawaida za hematoksilini na eosini, saratani inaweza kutambulika bado. Lakini matibabu ya mama huyo hayategemei jina la ugonjwa peke yake. Yanategemea pia kama seli za uvimbe zina vipokezi vya homoni ya estrojeni na projesteroni, na kama zina protini iitwayo HER2 kwa wingi. Vipokezi hivyo ni protini, na huharibika kabla ya umbo la seli kuharibika waziwazi. Vikiwa vimepotea ndani ya ndoo, kipimo kitasema havipo. Mama ambaye angepewa vidonge vya tamoksifeni kwa miaka 5 au zaidi, ambavyo ni vya bei nafuu na hupunguza sana hatari ya ugonjwa kurudi, ataambiwa kwamba havimfai. Hakuna atakayejua.

Kwa sababu hiyo miongozo ya vyama vya Marekani vya madaktari wa saratani na wa patholojia, ambayo hufuatwa katika nchi nyingi, inataka kinyama cha titi kiingie katika formalini ndani ya saa 1 tangu kutoka mwilini, kikae humo kwa saa zisizopungua 6 wala kuzidi 72, na nyakati zote mbili ziandikwe katika fomu. Uvimbe mkubwa unapaswa kufunguliwa kwa mikato ya umbali wa milimita 5 hadi 10 ili kimiminika kiingie. Asiukate asiyejua, kwa maana kingo za upasuaji zikivurugika haitawezekana tena kusema kama saratani iliondolewa yote. Njia bora ni maabara kuupokea mara moja na kuufungua yenyewe. Pale ambapo maabara iko mkoa mwingine, daktari wa upasuaji aweke nyuzi za alama pembeni, afungue kutokea upande wa nyuma kwa namna waliyokubaliana na mpatholojia, na aeleze katika fomu alichokifanya. Kiasi cha formalini nacho kiwe angalau mara 10 ya ujazo wa kinyama. Mara 20 ni bora zaidi. Chupa iliyojaa nyama na vijiko viwili vya formalini haijahifadhi kitu.

Mpatholojia mwangalifu ana njia moja ya kujihami. Kandokando ya uvimbe huwa mna mirija ya titi isiyo na ugonjwa, na baadhi ya seli zake kwa kawaida zina vipokezi vya estrojeni. Kama mirija hiyo nayo haikushika rangi, jibu halipaswi kuandikwa "hakuna vipokezi" bali "kipimo hakiwezi kusomeka". Maneno hayo mawili yana matokeo tofauti kabisa kwa mgonjwa, na daktari anayemtibu anapaswa kuyatafuta katika ripoti.

Kukaa muda mrefu kupita kiasi nako kuna hasara. Madaraja yanayoendelea kuongezeka huzificha sehemu za protini ambazo kingamwili za kipimo zinazitafuta. Tangu mwaka 1991, watafiti walipoonyesha kwamba kuzichemsha slaidi hufichua tena sehemu hizo, tatizo hili limepungua. Hata hivyo kuna upande mmoja ambao hauna dawa: kilichofichika kinaweza kufichuliwa, kilichomeng'enywa hakirudi. Mwenye kulazimika kuchagua kati ya kinyama kilichochelewa kuingia katika formalini na kinyama kilichokaa humo siku 4 angepaswa kuchagua cha pili bila kusita.

Si kila kinyama ni cha formalini, na hapa swali ndilo linaloamua kimiminika. Mfano maarufu ulianzia Kampala. Daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Hospitali ya Mulago, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya uliowapata watoto wengi. Mtafiti Anthony Epstein wa London, baada ya kumsikia Burkitt akihutubia mwaka 1961, alianza kupokea kwa ndege vipande vya uvimbe huo kutoka Uganda. Alitafuta kirusi kwa muda mrefu bila mafanikio. Kisha ndege moja ilizuiwa na ukungu kutua London ikapelekwa Manchester, na kipande kilipofika kimiminika chake kilikuwa na ukungu pia. Mtu mwingine angedhani ni bakteria na kukitupa. Epstein alikitazama na kukuta seli za uvimbe zilizo hai zikielea. Zilioteshwa, kisha zikahifadhiwa na kutazamwa kwa hadubini ya elektroni, na mwaka 1964 yeye pamoja na Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi ambacho leo huitwa Epstein-Barr. Kama vipande vile vingetiwa formalini pale Mulago, seli hizo zisingeota kamwe.

Katika huduma za kila siku mfano ulio karibu zaidi ni kifua kikuu. Tezi la shingoni likitumbukizwa lote katika formalini, bakteria hufa na haiwezekani tena kuwaotesha ili kujua dawa zipi zinawaua. Sehemu ya tezi itengwe kwanza katika chupa safi isiyo na vimelea, ikiwa na maji ya chumvi kidogo, na ipelekwe maabara siku hiyo hiyo. Sehemu nyingine iingie formalini. Majimaji yaliyofyonzwa kwa sindano nyembamba na kupakwa kwenye slaidi yana utaratibu wake: slaidi za rangi ya Papanicolaou huingizwa kwenye alkoholi ya asilimia 95 zingali mbichi, na zile za Giemsa huachwa zikauke kwa hewa. Zisisafirishwe katika sanduku moja na chupa za formalini, kwani mvuke wake huziharibu hata vifuniko vikiwa vimekazwa. Kwa hadubini ya elektroni hutumika glutaraldehaidi, ambayo hufunga kwa nguvu zaidi lakini hupenya kwa shida, kwa hiyo vipande visizidi milimita 1 na viingie humo ndani ya dakika chache.

Chupa yenyewe iwe na mdomo mpana. Kinyama laini huingia kwa urahisi katika shingo nyembamba. Kikishakuwa kigumu hakitoki mpaka chupa ivunjwe au kinyama kikatwe. Jina la mgonjwa, namba yake na sehemu ya mwili kilikotoka viandikwe ubavuni mwa chupa na kamwe si kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana meza moja ikiwa na chupa nyingi. Chupa za maji ya kunywa zisitumike hata kama hakuna nyingine. Formalini haina rangi, nayo huunguza koo na tumbo vibaya na inaweza kuua. Wanaoishika kila siku wavae glavu na wafanye kazi palipo na hewa ya kutosha. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliiorodhesha formaldehaidi mwaka 2004 miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Katika maeneo mengi bado ni ndugu wa mgonjwa anayeibeba chupa kwa basi. Anayekabidhiwa ana haki ya kuhakikisha, kabla ya kuondoka, kwamba kinyama kimefunikwa chote, kifuniko hakivuji, chupa imo ndani ya mfuko wa pili, na fomu imeandikwa saa ya kukatwa na saa ya kutiwa formalini. Asiimwage formalini ili kupunguza uzito au harufu, asiongeze maji, asiiweke juu ya injini wala kwenye friza ya duka. Ikimwagika kwenye ngozi, paoshwe mara moja kwa maji mengi. Akichelewa njiani siku moja, kinyama kilichohifadhiwa vema hakijaharibika. Aendelee na safari.

Baada ya majibu kutoka, kipande cha nta chenye kinyama ndani yake hubaki maabara. Kikihifadhiwa mahali pakavu pasipo na joto kali, hudumu kwa miaka mingi na kinaweza kukatwa tena kwa ajili ya kipimo ambacho hakikuwapo siku ya kwanza. Mgonjwa anayehamia hospitali nyingine, au anayetaka ripoti yake isomwe na mtaalamu wa pili, anaweza kuomba kipande hicho au slaidi zake kwa kutaja namba ya maabara iliyo juu ya ripoti. Namba hiyo itunzwe pamoja na kadi ya kliniki.